Mwendo wa Mtu: Historia Fupi ya Kutazama Wengine Wakitembea

Kwa Kiswahili mguu ni mguu, kuanzia nyongani mpaka kwenye ukucha wa kidole gumba. Lugha nyingine hukikata kipande kinachoingia kwenye kiatu zikakipa jina lake, na kipande cha juu jina jingine. Sisi mtu akisema mguu unamuuma, lazima tumuulize: wapi? Halafu tuna unyayo, neno linalotaja sehemu ya mguu inayokanyaga chini na pia alama inayobaki mchangani mwenye mguu akishapita. Na tuna mwendo, ambao haukai mbali na mwenendo. Ukisema hujaupenda mwendo wa fulani, huenda unazungumzia anavyokanyaga, na huenda unazungumzia anavyoishi.

Nimetanguliza maneno haya kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia imo ndani yake. Ni historia ya watu waliokaa wakawatazama wengine wakitembea, kisha wakatoa hukumu. Leo kazi hiyo ina wenyewe: wataalamu wa miguu, wa fani iitwayo podiatria. Kwetu bado ni wachache mno, na wengi wetu tunapoumwa mguu tunaishia kwa daktari wa mifupa, kwa mkandaji, au kwa jirani mwenye mafuta ya kuchua. Lakini namna wanavyoutazama mwendo inastahili kujulikana hata na sisi wasomaji wa riwaya na mashairi. Nitasema kwa nini, ila kwanza tuone wanachofanya.

Mtaalamu mzuri haanzi na mguu, anaanza na maswali. Unafanya kazi gani? Unasimama saa ngapi kwa siku? Maumivu yanakuja asubuhi ukishuka kitandani, au jioni baada ya pilika? Ulishawahi kuumia? Una kisukari? Kisha anaomba viatu, vile unavyovivaa kila siku, si vya kwendea harusini. Anavipindua na kusoma soli kama mtu asomaye barua. Kisigino kikiwa kimelika kidogo kwa nyuma upande wa nje, hiyo ni kawaida, kwa sababu wengi wetu hugusa chini hapo kwanza. Kikilika sana upande wa ndani, au kiatu kimoja kikichakaa kuliko mwenzake, anapata la kuuliza zaidi. Kandambili nazo zina habari zake: shimo la kidole gumba likizama sana, yeye analiona.

Baadaye anakusimamisha. Anakutazama kwa nyuma: visigino vimesimama wima au vimelala kwa ndani? Matao ya nyayo yameinuka au yamelala? Vidole vingapi vinachungulia upande wa nje? Anakuomba usimame kwa mguu mmoja, uinuke juu ya vidole. Kisigino kinatakiwa kigeuke kidogo kwa ndani kadiri unavyopanda. Kikikataa, au ukishindwa kupanda, huenda kano linaloshikilia tao limechoka. Ukiwa bado umesimama, anakiinua kidole gumba chako kwa mkono wake, na tao la wayo linapanda lenyewe, kama kamba iliyovutwa. Ukilala kitandani, anakikunja kifundo cha mguu goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa, apate kujua kama kinachokaza ni msuli wa shavu la mguu unaovuka goti, au ni kitu kingine kilichoko chini yake.

Hapo ndipo anaposema: haya, tembea.

Unakunja suruali mpaka juu ya magoti, unakwenda na kurudi kwenye korido. Mara ya kwanza huwa unatembea kama mtu anayetazamwa, yaani si mwendo wako. Mtaalamu anajua, anakuacha uende mpaka usahau. Kila raundi ana jambo moja analolitafuta: mabega, halafu nyonga, halafu magoti, halafu visigino. Kichwani ana saa ya mwendo: katika mzunguko mmoja wa hatua, mguu unakuwa chini kwa takribani asilimia 60 ya muda, na hewani kwa asilimia 40. Kisigino kinagusa, wayo unalala, mwili unapita juu yake, kisigino kinaachia, vidole vinasukuma. Kila kituo kinaweza kuwa na hitilafu yake. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza jinsi nyonga inavyoshuka upande wa mguu ulioinuliwa pale misuli ya nyonga ya upande wa pili inaposhindwa kazi. Mpaka leo ishara hiyo ina jina lake. Kwa hiyo mtu anakuja akilalamikia kisigino, na mtaalamu anajikuta anachunguza kiuno. Mguu ni mguu, lugha yetu ilishasema.

Sasa, utaratibu huu wa kuuliza, kusoma kiatu, kushika, kisha ndipo kutazama, haukuanza hivyo. Ulianza na kutazama peke yake.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aligundua kwamba mtu anayetembea kandokando ya ukuta, akiwa na utete uliochovywa wino kichwani, hawezi kuchora mstari ulionyooka. Mstari utapanda na kushuka, kwa maana mwili hupanda na kushuka katika kila hatua. Ni wazo zuri ajabu, na halikuhitaji chombo zaidi ya jicho na akili. Giovanni Borelli, Mtaliano aliyefariki mwishoni mwa 1679, aliacha kitabu kilichotoka baada ya kifo chake, akiieleza misuli na mifupa kama nyenzo na mizani. Lakini aliyelileta jambo hili kwetu sisi watu wa fasihi ni Honoré de Balzac.

Mwaka 1833 Balzac alichapisha insha kuhusu nadharia ya mwendo. Alikaa barabarani Paris akiwatazama wapita njia, akashangaa kwamba tangu binadamu aanze kutembea karibu hakuna aliyejisumbua kuuliza anatembeaje na mwendo wake unamaanisha nini. Kwake mwendo ulikuwa sura ya pili ya mtu: tajiri mpya, mwanamke mwenye siri, askari mstaafu, kila mmoja anajitangaza kwa miguu. Ni insha ya kuchekesha, na kwa mwandishi wa riwaya ni hazina. Nani kati yetu hajawahi kuandika au kusoma mhusika "aliyetembea kwa madaha", "aliyejikokota", "aliyenyata", "aliyepepesuka"? Kiswahili kina vitenzi vya mwendo vya kujaza gunia, na kila kimoja kinabeba hukumu ndani yake.

Lakini hebu tuulize. Yule bwana aliyepita mbele ya Balzac akijikokota, je, alikuwa mvivu, mwenye huzuni, au kidole chake gumba kilikuwa kimevimba? Balzac hakumuuliza. Alikuwa amekaa, mwenzake anapita. Kutoka mwendo hadi mwenendo akaruka hatua nzima.

Miaka 3 baadaye, 1836, ndugu wawili Wajerumani, Wilhelm na Eduard Weber, wakaandika kitabu kizima juu ya ufundi wa miguu katika kutembea. Wao walisema mguu unaporushwa mbele hubembea kama timazi la saa. Tabia ya mtu haikuwa na nafasi tena. Palibaki urefu, uzito na muda. Kuanzia hapo vyombo vikachukua kiti cha Balzac. Huko Ufaransa Étienne-Jules Marey na mwanafunzi wake Gaston Carlet walitengeneza viatu vyenye vyumba vya hewa kwenye soli. Kila mguu ulipokanyaga, hewa ilisukuma sindano ikachora mstari. Utafiti wa Carlet ulitoka 1872. Mwaka 1878, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja na kuonyesha kwamba farasi anayekimbia kuna nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani, jambo ambalo macho ya watu yalikuwa yakibishania kwa muda mrefu. Marey naye akamvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akampiga picha nyingi juu ya bamba moja. Mtu akatoweka, ikabaki mistari inayotembea.

Mwaka 1886 Georges Gilles de la Tourette, daktari wa Paris ambaye jina lake wengi wanalijua kwa ugonjwa mwingine, alitandika karatasi ndefu sakafuni, akapaka nyayo za wagonjwa unga mwekundu wa kutu ya chuma, akawaacha wapite. Akapima urefu wa hatua, upana wake na pembe ya nyayo. Unyayo wa mguu na unyayo wa alama vikakutana kwenye karatasi moja. Na huko Leipzig, Wilhelm Braune na Otto Fischer walimfunga mtu mirija ya taa mwilini, wakampiga picha gizani akitembea, kisha wakatumia muda mrefu sana kukokotoa kila pointi. Kazi yao kuhusu mwendo wa binadamu ilianza kutoka 1895. Mtu huyo alitembea mikono mitupu, kisha akatembea na mzigo wa askari. Ndiyo: nyuma ya sayansi ya mwendo kulikuwa na swali la jeshi, askari abebe nini na aende umbali gani.

Swali hilo la jeshi ndilo linalotuleta sisi Waafrika ndani ya hadithi. Mwaka 1895, kwenye uwanja wa Champ de Mars mjini Paris, kulifanyika maonyesho ambamo watu wa Afrika Magharibi waliletwa wakae na kufanya shughuli zao mbele ya umati. Daktari Félix Regnault akaenda hapo na kamera ya Marey. Akawapiga picha za mfululizo wakitembea, wakikimbia, wakipanda miti, na mwanamke wa Kiwolofu akifinyanga chungu. Regnault aliamini kuna mwendo wa asili, wa magoti yaliyokunjwa na mwili ulioinama mbele, ambao Wazungu wa mjini waliupoteza na ambao ungewafaa askari wa Ufaransa. Mwaka 1898, pamoja na ofisa wa jeshi, alitoa kitabu kuuhimiza.

Hapa huwa nasimama kila ninapoisoma historia hii. Wale watu walipendwa miguu yao, wenyewe hawakuulizwa neno. Walikuwa wakitembea mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, katika nchi ya baridi, ndani ya uzio, na mtazamaji akaandika: tazameni mwendo wa asili. Mtaalamu wa leo angekwambia kwamba raundi ya kwanza ya mtu anayetazamwa si mwendo wake. Basi hao walitazamwa tangu asubuhi hadi jioni.

Vita Kuu ya Pili ilileta swali jipya: watu waliorudi bila miguu watatembeaje? Kuanzia 1945 kundi la Verne Inman na Howard Eberhart, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, lilipima mwendo kwa undani ili kutengeneza miguu bandia iliyo bora. Baadhi ya waliojitolea waliingizwa pini kwenye mifupa, mwendo wa mfupa wenyewe upate kuonekana bila kudanganywa na ngozi. Na huko huko California, Merton Root na wenzake katika chuo cha podiatria cha San Francisco waliandika vitabu viwili, cha 1971 na cha 1977, vilivyokuwa msahafu wa fani. Root aliweka vigezo vya mguu wa kawaida: kisigino kiwe hivi, muundi uwe hivi, kiungo kilicho chini ya kifundo kikae katikati. Mguu ulioacha vigezo uliitwa wenye kasoro, ukatengenezewa soli ya kuunyoosha.

Ulikuwa mchango mkubwa, kwa sababu uliwapa wataalamu wa dunia nzima lugha moja. Lakini tafiti zilizofuata zilikuta kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote hawatimizi vigezo hivyo. Miguu bapa inakimbia marathoni, na matege yanapanda milima. "Kawaida" ilikuwa picha iliyochorwa kabla ya kuwatazama watu wa kutosha.

Na watu wa kutosha, wengine walikuwa huku kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy, mwanasayansi Mkenya, na wenzake, waliopima pumzi za wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani na wa Kikuyu wanaoubeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye kipaji cha uso. Waligundua kwamba wanawake wale waliweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya waliyoitumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza siri: katika ile panda-shuka ya Aristotle, walikuwa wakipoteza nguvu kidogo kila mwili ulipopita juu ya mguu, kama timazi linalobembea vizuri zaidi. Tafiti za baadaye kwingineko Afrika hazikumkuta kila mbebaji na uwezo huo, kwa hiyo tusikimbilie kusema ni damu. Ni ujuzi, unaokaa mwilini kwa miaka ya kuchota maji na kubeba kuni. Kumbe yule mama ambaye Balzac angemwandika kwa mstari mmoja, "alitembea polepole na mtungi wake", alikuwa na jambo la kuifundisha fizikia.

Kisha kuna Laetoli, kule Ngorongoro. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa na Mary Leakey walikuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa utani, na katika kukwepa mmoja wao akaona nyayo za wanyama juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za zamadamu, mlolongo wa takribani mita 27, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, kisigino kimezama kwa nguvu: mwendo wa miguu miwili, uliokuwepo kabla ya ubongo mkubwa na kabla ya zana za mawe tunazozijua. Watafiti wakaanza kufanya vilevile afanyavyo mtaalamu wa miguu kwenye korido, ila mgonjwa alishapita. Je, alitembea magoti yamekunjwa au yamenyooka? Mwaka 2010 watafiti waliwatembeza watu mchangani kwa namna zote mbili, wakakuta nyayo za Laetoli zinafanana zaidi na za wanaonyoosha miguu kama sisi. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitangaza nyayo za zamadamu wawili zaidi jirani na pale pale.

Kuna nyayo chache za Laetoli zinazonivutia kuliko zote. Zilionekana tangu mwanzo, na kwa miaka mingi baadhi ya watu walidhani huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Uchunguzi wa 2021 ulizirudisha kwa jamaa zetu. Katika hatua moja, mguu ulivuka mbele ya mwenzake, kama mtu anayejizuia asianguke. Aliteleza? Alikuwa anaumwa? Alikuwa anageuka kumtazama mtu? Unyayo umetunza pembe na kina, lakini sababu aliondoka nayo mwenyewe. Hapo ndipo penye mpaka wa kutazama.

Na mpaka huo si jambo la zamadamu tu. Aliyeuonyesha vizuri ni Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940. Wagonjwa wake wa ukoma walikuwa na vidonda kwenye nyayo, na watu waliamini nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Brand aliona vingine. Nyama ilikuwa na uwezo wa kupona. Kilichokosekana ni maumivu. Mimi na wewe tukitembea kilomita kadhaa, bila kujijua tunabadilisha mkanyago: tunahamisha uzito kidogo, tunafupisha hatua, tunachechemea kidogo. Ni maumivu madogo madogo yanayotuelekeza. Asiyehisi anakanyaga palepale, kwa nguvu ileile, hatua elfu baada ya elfu, mpaka ngozi inapasuka.

Sasa mfikirie mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi. Msumari umepenya kandambili, yeye anakwenda sokoni na kurudi. Ukikaa barazani ukamtazama, utasema mwendo wake safi kabisa. Hachechemei. Na hapo ndipo penye hatari, maana anayechechemea bado ana mlinzi. Jicho la Balzac lingempitisha, na kamera ya Marey ingempitisha vilevile. Anayemwokoa ni yule anayemvua kiatu, anatazama katikati ya vidole, na kugusa wayo wake kwa uzi mwembamba wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, huku akimuuliza, macho yakiwa yamefumbwa: unahisi? Na hapa? Na hapa?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi ulioitwa Step by Step ulianza Tanzania na India, ukiwafundisha daktari na muuguzi kwa pamoja, wawili wawili, kuitunza miguu ya wenye kisukari kabla ya kidonda na kabla ya msumeno. Napenda kwamba walifundishwa wawili. Mmoja peke yake hujaribiwa kutazama tu. Wakiwa wawili, mmoja anashika mguu na mwingine anasikiliza.

Ndiyo maana nilisema hadithi hii inatuhusu sisi wasomaji na waandishi. Tumerithi kiti cha Balzac na tunakipenda. Tunampa mhusika mguu wa kuburuza tukidhani tumemaliza kueleza roho yake. Vilema wangapi katika riwaya zetu ni wachawi, wahuni au watakatifu kwa sababu ya hatua zao tu? Sisemi tuache vitenzi vyetu; mjikokoto na myumbo ni mali yetu. Nasema mwandishi naye anaweza kufuata utaratibu wa korido. Aulize huyu mtu anasimama saa ngapi kwa siku, alishawahi kuumia wapi, amevaa viatu vya nani. Akishapata majibu, ndipo amwambie: haya, tembea.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kama nyumbani kuna mzee mwenye kisukari, leo usiku mwombe avue viatu. Tazama nyayo zake kwenye mwanga, katikati ya vidole pia. Kisha muulize kama anahisi mkono wako.